Malindi haina wageni, lakini ina friji

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni busara mtu kufungua biashara ndogo katika mji wa watalii wakati watalii wenyewe wameadimika. Mimi ni fundi wa friji hapa Malindi. Kabla ya hapo nilikuwa idara ya matengenezo katika hoteli moja ya ufuoni, na karakana yangu niliifungua 2020, wakati wa korona, hoteli zinafunga milango. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti: piga hesabu zako zote kana kwamba mtalii harudi tena. Akirudi, hiyo ni bahati yako.

Kwetu hapa hali mbaya si ngeni. Kulikuwa na fujo za Likoni 1997, bomu la Kikambala 2002, ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, wageni kutekwa nyara kule Lamu 2011, shambulio la Westgate kule Nairobi 2013, na la Mpeketoni 2014. Hakuna hata moja lililotokea Malindi, na kila moja lilitufungia hoteli. Jaribu kumweleza mtu wa Milano kwamba kutoka Westgate mpaka hapa ni safari ya usiku kucha kwa basi, uone kama atabadilisha tiketi. Na hata mwaka mzuri una kusi yake: mvua za masika zikianza, hoteli kadhaa hufunga kuanzia Aprili na wafanyakazi wanarudi kwao Ganze, Kaloleni, Magarini, mpaka waitwe tena. Mji huu umezoea kuishi nusu mwaka kwa akiba ya nusu nyingine. Kinachobadilika mambo yakiharibika ni kwamba kusi inakataa kwisha.

Ile ya korona, 2020, ilikuwa na ukali wake, kwa sababu Italia, ambako ndiko wageni wetu wengi wanatoka, iliguswa kabla ya sisi. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Siku mbili baadaye ikaja kafyu. Tarehe 8 Aprili kaunti za Kilifi na Mombasa zikafungwa, kila moja kivyake, ikawa mtu wa Malindi hawezi hata kwenda Mombasa kununua waya. Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti, wageni hawakurudi nazo.

Wenzangu wengi walioachishwa kazi walikimbilia vitu vile vile. Aliyekuwa na akiba kidogo alinunua bodaboda, mwingine akaanza viazi karai, mwingine kuku wa mayai, na kila cherehani ya mitaa yetu ya Kisumu Ndogo na Maweni ilikuwa inashona barakoa. Siwalaumu, tumbo halingoji. Lakini ukitembea barabara moja ukakuta karai sita za viazi, na wanaopita wote ni watu waliopoteza kazi juzi, unajua hapo hakuna nafasi ya karai la saba.

Mimi niliangalia upande mwingine: ni nini katika mji huu kinaharibika hata pasipo mgeni? Tena kinaharibika zaidi kwa kuwa mgeni hayupo?

Anayeishi mbali na bahari huenda hajui chumvi inavyokula vitu. Pita mtaa wa Casuarina uone nyumba za Waitaliano zilizofungwa, kila moja na mlinzi wake getini na mashine zake ndani. Kiyoyozi kilicho nje ya ukuta, zile bati nyembamba za alumini zilizopangwa nyuma ya feni, chumvi ikishazila unazigusa tu zinamomonyoka kama majivu. Bomba la shaba linageuka kijani, kisha linatoboka kitobo usichokiona kwa macho mpaka upake povu la sabuni. Friji iliyozimwa na kufungwa mlango kwa miezi inaota ukungu mweusi ndani, mpira wa mlango unagandia mwilini mwa friji, ukiuvuta unachanika. Panya nao wanaingia nyuma kwenye kompresa na kutafuna waya. (Kama wewe ni mlinzi wa nyumba ya mtu na unasoma hapa: chomoa waya, kausha ndani vizuri, kisha weka kipande cha mti mlango ubaki wazi kidogo. Nakupa hiyo bure.)

Wenye nyumba walikuwa wamefungiwa Ulaya, wana wasiwasi, na wana WhatsApp. Kiitaliano chetu cha mtaani kinatosha kueleza kompresa imekufa au ni nzima. Nilikuwa napiga picha mashine kabla ya kuigusa, naipiga tena baada ya kazi, pamoja na spea ya zamani iliyotolewa. Hizo picha ndizo zilizonipa nyumba ya pili, na ya tatu.

Hata hivyo, kama ningetegemea nyumba hizo peke yake ningekuwa bado namuuzia mtalii, ila yule asiyekuja. Mteja aliyeshikilia karakana ni mtu wa mji. Mwuza samaki ana dipfriza, mwuza maji ya matunda anayo, bucha na duka la dawa pia. Mtu asiye na pesa hanunui friji mpya, anatengeneza ya zamani. Mama mmoja wa mtaa wa Shella, hapa hapa Malindi, aliniletea dipfriza yake kwenye mkokoteni, samaki wamekwisha kugawiwa majirani wasioze. Alikuwa ameambiwa na fundi mwingine kwamba kompresa imekufa, na bei aliyotajiwa ilikaribia ya dipfriza yenyewe. Nikafungua kile kiboksi kidogo ubavuni mwa kompresa, nikapima koili kwa mita, ziko sawa. Iliyoungua ilikuwa relei ya kuwashia, kitu cha shilingi mia kadhaa.

"Mama, hii haijafa," nikamwambia.

"Fundi, usinitie moyo bure."

"Weka mkono hapa."

Ilipoanza kunguruma aliondoa mkono haraka, akacheka. Baada ya hapo wauza samaki wa upande ule walianza kuja mmoja mmoja, na wengine sikuwa nawajua hata kwa sura. Relei nyingi zinaungua stima inaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, basi kila niliyemtengenezea nilimshauri anunue kile kifaa cha kuchelewesha umeme kabla haujafika kwenye mashine. Kuna mafundi waliona najinyima kazi. Kazi ya friji Malindi haiwezi kwisha, chumvi itatuletea nyingine.

Pesa sasa. Mji ukikauka kila mtu anataka kukopa, na ukikataa wote utakaa peke yako. Utaratibu wangu ulikuwa kwamba spea ananunua mteja mwenyewe, taslimu, mimi namwandikia jina na namba yake kwenye karatasi. Ujira wangu ndio unaoweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Asiponilipa nimepoteza jasho, sikupoteza mtaji. Wakati wa kufungwa kwa kaunti magari ya mizigo yalikuwa yanaruhusiwa kupita, kwa hiyo spea za Mombasa tulizipata kwa kuagiza kwa pamoja, mafundi kadhaa tukichangia nauli ya boksi moja. Vifaa vyangu vya kuanzia, yaani mita, pampu ya kunyonya hewa, mtungi wa gesi na vya kuchomelea, nilivinunua kwa zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa. Mikopo ya simu sikuigusa. Ni ya kurudisha baada ya siku chache, na biashara changa katika mji usio na watu hairudishi chochote baada ya siku chache.

Hoteli zilizokuwa zinauza vitu kwa bei ya kutupa zilinitia tamaa pia. Friji kubwa za jikoni zilikuwa bwerere, lakini stima inayoliwa na moja inatosha nyumba nne. Nilichukua mbili mbovu za kutoa spea, basi.

Jambo ambalo sioni watu wakilizungumza ni kodi ya chumba cha biashara. Hali ikiwa mbaya mwenye nyumba hadai kilemba, ile pesa ya kuingilia, anataka tu mtu wa kukaa ndani. Huo ndio wakati wa kupata mahali pazuri. Ila ujue na sheria. Kenya tuna Sura ya 301, inayohusu maduka, hoteli na migahawa ya kupanga. Kama hamkuandikiana chochote, au mmeandikiana kwa muda usiozidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi au kukutoa kwa kukutumia mtoto. Ni lazima akupe notisi rasmi ya maandishi, isiyopungua miezi miwili, na wewe unaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Mimi nilipoletewa habari za kodi kupanda kwa mdomo, wageni walipoanza kuonekana, nilimwomba mzee mwenye chumba kwa heshima aniletee karatasi. Tukakaa, tukaelewana bei ya katikati.

Na wageni walivyorudi, wa kwanza hawakuwa Wazungu. Walitoka Nairobi, kwa treni mpaka Mombasa kisha matatu, familia nzima, wakapanga nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Nyumba ya watu kumi na wawili ikifa friji tarehe 27 Desemba, mwenye nyumba haulizi bei. Desemba yangu nzuri inatoka hapo, ila hesabu ya kodi yangu bado naifanya kwa bei za Mei.

Kama ningeanza leo ningeangalia pampu za maji. Maji ya mifereji yanatoka kituo cha maji cha Baricho, na yakikatika kila mwenye kisima anawasha pampu yake. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na mota zake haziishi muda mrefu. Mimi mota za wateja wangu bado napeleka Mombasa kusukwa, yaani kuzungushiwa waya upya, kilomita 120, na zinakaa wiki. Kijana wa hapa anayejua kusuka mota anitafute, nafasi ya meza ipo karakanani kwangu.