Kwa nini Birmingham bado wanaizungumzia Mei 2019

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Tumefurahi kusikia umeshazoea zamu za usiku, na kwamba chumba ulichopata kiko karibu na Witton, kiasi kwamba siku ya mechi unazisikia kelele za uwanja wa Villa Park ukiwa jikoni. Baba yako anakusalimu, ila ameniachia mimi hili la mpira.

Umesema pale wodini wenzako wa Aston Villa wakikutana saa ya chai, hadithi yao ni fainali ya uwanja wa Wembley ya mwaka 2019, ni klabu ya Derby, ni daraja la pili. Hata usiku ule wa Oktoba 2024 walipoifunga Bayern Munich 1-0 hawausimulii kwa moto huo. Unauliza ligi ya chini ina nini cha kukumbukwa kiasi hicho. Umeongeza kwamba yuko mwenzenu mmoja, mtu wa Derby, hadithi hiyo ikianza huinuka akatoka nje, nawe hujui kama ananuna tu au kuna jambo. Nitakujibu yote mawili pamoja, kwa sababu huwezi kulielewa la kwanza bila la pili.

Wewe wakati huo ulikuwa chuo, Dodoma. Mimi niliufuata msimu ule mechi kwa mechi kwenye simu. Villa tumeipenda nyumbani tangu enzi za Dwight Yorke, na mtu haachi timu yake kwa sababu imeshuka.

Kwanza ujue waliangukia shimo la kina gani. Villa ni miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha ligi ya England mwaka 1888, na mwaka 1982 walibeba Kombe la Ulaya kwa kuwafunga hao hao Bayern. Klabu ya namna hiyo ilishuka mwaka 2016 ikiwa mkiani kabisa, na pointi 17 tu. Kule chini ni timu 24 na mechi 46, Jumamosi na Jumanne, mvua na barafu. Mbili za juu zinapanda moja kwa moja. Msimu ule ya tatu hadi ya sita ziliingia mchujo, na kati ya hizo nne ilipanda moja. Aliyeshuka hupewa fedha za kumshikilia kwa miaka isiyozidi mitatu, nazo hupungua kila mwaka. Zikiisha ungali chini huku unalipa mishahara ya Ligi Kuu, hapo ndipo klabu zinapozama. Msimu wa 2018/19 ulikuwa mwaka wa tatu wa Villa, mwaka wa mwisho wa fedha hizo.

Na hata kuufikia msimu huo haikuwa rahisi. Mei 2018 walifika fainali ya mchujo wakafungwa na Fulham 1-0. Baada ya hapo ikajulikana kwamba fedha za mmiliki zimekauka, hata kodi ya serikali ilishindwa kulipwa kwa wakati. Jack Grealish, kijana wa hapo hapo, shabiki wa Villa tangu utotoni, ambaye babu wa babu yake Billy Garraty alibeba Kombe la FA na Villa mwaka 1905, alikuwa anakaribia kuuzwa Tottenham ili zipatikane hela. Julai wakaja Nassef Sawiris wa Misri na Wes Edens wa Marekani wakainunua klabu, na Grealish akabaki. Kama wasingekuja, sidhani kama leo ungekuwa unasikia kelele zozote ukiwa jikoni.

Msimu ulianza vibaya. Tarehe 2 Oktoba, kabla ya mechi na Preston, shabiki mmoja alimrushia kocha Steve Bruce kabichi. Mechi ikaisha 3-3, Villa wakiwa wamekosa penalti dakika za lala salama, na kesho yake kibarua cha Bruce kikaota nyasi. Watu husimulia habari ya kabichi kama kichekesho. Mimi iliniuma, na bado inaniuma. Mzee yule mwaka huo huo alikuwa amefiwa na baba na mama. Kocha akishindwa kazi aondolewe, hilo ni haki ya klabu, lakini kumdhalilisha mtu mzima hadharani siwezi kulikubali, hata likifanywa na watu wa timu yangu.

Aliyekuja badala yake ni Dean Smith, kutoka Brentford, na hapa ndipo wenzako hulegea sauti. Smith ni mtoto wa Villa. Baba yake, mzee Ron, alikuwa mhudumu wa uwanjani Villa Park, na Smith mwenyewe alipokuwa mdogo alikuwa akisafisha viti vya uwanja huo. Wakati mwanawe anakabidhiwa timu, mzee alikuwa mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu, analelewa kwenye nyumba ya wazee. Wewe unahudumia wazee wa namna hiyo, unajua maana yake. Kocha anaifundisha timu ambayo baba yake aliipenda maisha yote, na baba hawezi kuelewa sawasawa kinachotokea. Mzee Ron alifariki mwaka 2020, wakati wa korona.

Smith akaja na mpira wa kushambulia. Novemba walitoka 5-5 na Nottingham Forest, na Tammy Abraham, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Chelsea, akatikisa nyavu mara nne peke yake. Alimaliza ligi na mabao 25. Ila nyuma palikuwa wazi mno, na Desemba Grealish akaumia mguu. Miezi ya kukosekana kwake timu iliyumba sana. Siku moja tu ya Februari ilinipa moyo. Walikuwa nyuma 3-0 nyumbani kwao mbele ya Sheffield United, zimebaki dakika chache, wakarudisha zote tatu. Januari alikuwa ameingia pia beki Tyrone Mings, kwa mkopo kutoka Bournemouth, acheze kati na Axel Tuanzebe. Huyu Tuanzebe alizaliwa Bunia, kule Ituri, Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, akapelekwa Uingereza mdogo na kukulia Rochdale. Nilimpenda kwa utulivu wake. Beki asiye na papara ni tunu.

Hadi mwisho wa Februari Villa walikuwa nje ya sita bora, na wengi tulishauhesabu msimu kuwa umekwisha. Tarehe 2 Machi Grealish akarudi, akapewa kitambaa cha nahodha, wakaifunga Derby County 4-0. Toka siku hiyo hadi tarehe 22 Aprili walishinda mechi kumi za ligi mfululizo, jambo ambalo klabu hiyo haikuwa imewahi kulifanya katika historia yake yote. Kwangu mimi, msimu ni hapo. Watu hukumbuka Wembley kwa sababu ya kombe na picha, lakini Wembley usingefikika bila Jumatano za kuwafunga Nottingham Forest 3-1 kwao, na siku ile Mings alipotolewa kwa kadi nyekundu, Rotherham wakatangulia kwa penalti, na Villa wakiwa kumi wakageuza matokeo kuwa 2-1.

Katika hizo kumi, moja ilichezwa tarehe 10 Machi kwa Birmingham City. Sina haja ya kukueleza zaidi ya kusema kwamba hao na Villa ni kama Simba na Yanga, na wewe umezaliwa Temeke. Mapema kabisa shabiki mmoja aliruka uzio, akamvamia Grealish kwa nyuma na kumpiga ngumi. Kijana akaanguka, akainuka, hakumgusa mtu. Dakika ya 67 akafunga bao pekee la mechi. Yule shabiki aliyempiga alifungwa jela wiki 14. Wenzako wakikusimulia bao hilo, waulize kuhusu ile dakika alipoinuka bila kulipiza. Mimi hiyo ndiyo naithamini zaidi, kwa sababu angelipiza, angetolewa, na pengine kumi zile zingekatikia hapo.

Halafu kuna Leeds, tarehe 28 Aprili. Jonathan Kodjia wa Villa alikuwa chini ameumia, wachezaji wa Villa wakitegemea mpira utatolewa nje, Leeds wakaendelea na Mateusz Klich akafunga. Vurugu ikazuka, wachezaji wakakabana. Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa kutoka Argentina, akaamuru timu yake isimame na kuwaachia Villa wafunge. Albert Adomah akatembea na mpira hadi golini; beki mmoja tu, Pontus Jansson, alijaribu kumzuia. Ikaisha 1-1, na sare hiyo ikathibitisha kwamba Sheffield United wamepanda na Leeds wanakwenda mchujo. Wapo waliosema Bielsa aliwanyima haki wachezaji wake. Nimelifikiria sana hilo na siwaungi mkono. Bao lile halikuwa la heshima, na yeye alilirudisha mbele ya mashabiki wake mwenyewe, katika wiki ambayo pointi zilikuwa dhahabu. FIFA baadaye ikawapa tuzo ya uungwana.

Villa walimaliza wa tano kwa pointi 76. West Brom walikuwa na 80, Leeds 83. Ndiyo maana kila mara nawaambia watu kwamba mchujo una ukatili ndani yake, hata ulipotuneemesha sisi. Mtu anakimbia mechi 46, anakuzidi pointi saba, halafu wewe ndiye unayepanda. Leeds walitolewa na Derby waliomaliza wa sita. Villa na West Brom walimalizana kwa penalti, na kipa Jed Steer, ambaye msimu ulianza akiwa amepelekwa kwa mkopo Charlton, alidaka mbili. Abraham akapiga ya mwisho.

Fainali ikawa tarehe 27 Mei, watu 85,826 uwanjani. Ahmed Elmohamady wa Misri akapiga krosi, Anwar El Ghazi akaunganisha karibu na mapumziko. Kipindi cha pili John McGinn akaruka na kipa akapachika la pili kwa kichwa. Derby wakarudisha moja dakika ya 81, na zile dakika kumi za mwisho sitaki hata kuzikumbuka. Ikaisha 2-1. Magazeti yalisema ushindi ule una thamani ya pauni milioni 170 kwenda juu, na kwamba hakuna mechi nyingine moja duniani yenye fedha nyingi kama hiyo.

Sasa yule mwenzako wa Derby.

Klabu hizi mbili zilikuwa zimecheza kamari ile ile. Ligi ya chini ilikuwa na sheria kwamba usipate hasara kupita kiwango fulani. Derby walikuwa wamemuuzia mmiliki wao uwanja wa Pride Park kwa pauni milioni 81.1 ili hesabu zikae sawa. Villa nao, mwezi ule ule wa fainali, waliuuza Villa Park kwa kampuni ya wamiliki wao wenyewe kwa pauni milioni 56.7. Wote walitumia kana kwamba kupanda ni lazima. Mmoja akapanda, hela zikaingia, madeni yakafunikwa. Mwingine akabaki chini na mishahara ile ile. Septemba 2021 Derby wakawekwa chini ya msimamizi wa wafilisi. Wakakatwa pointi 21 kwa jumla, na ingawa vijana wa kocha wao Wayne Rooney walipigana kwa namna iliyonifanya niwaombee, Aprili 2022 wakashuka hadi daraja la tatu. Wafanyakazi wa kawaida wa klabu walipoteza ajira.

Kwa hiyo yule mtu akiinuka, hanuni. Anakumbushwa siku ambayo klabu yake ilianza kuzama. Na wenzako wa Villa wakiwa wakweli watakuambia furaha yao ina hofu ndani yake: mpira ule wa McGinn ungepanguliwa na kipa, na bao moja zaidi la Derby, Grealish angeuzwa kiangazi hicho hicho na hao wa kuhangaika na wafilisi wangekuwa wao. Kumfunga Bayern ni raha. Ile ya 2019 ilikuwa uhai wa klabu, ndiyo maana wanaisimulia hivyo.

Nasi Watanzania tulipata fungu letu. Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa Villa kutoka Genk, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City, kwa pasi ya kichwa ya El Ghazi yule yule. Unaukumbuka usiku huo hapa mtaani, ingawa Villa walifungwa 2-1. Bila Mei 2019 asingekwenda pale.

Ukikutana tena na huyo mtu wa Derby, usimwulize habari za Wembley. Mwulize Aprili 2024 alikuwa wapi, siku Derby walipoifunga Carlisle 2-0 na kupanda tena kutoka daraja la tatu. Nadhani atakaa, na chai itapoa mkimaliza kuzungumza. Utakachosikia uniandikie, maana upande wa Derby nimeusoma tu magazetini, na ningependa kuusikia kwa mtu aliyeubeba.

Ule vizuri, na shuka zito ulilosema utanunua ulinunue wiki hii.

Mama yako