Nafasi tupu mwishoni mwa mistari: uliza kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama mchango wako wa kwanza kwa mradi huria wa programu uwe kufuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari, faili zote kwa mpigo. Usitume kabla ya kuwauliza wanaoutunza. Kwa kawaida maana ya msimbo wa programu haibadiliki, lakini Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, itaiandika mistari hiyo kwa jina lako: anayetafuta chanzo cha hitilafu atakufikia wewe, asipokumbuka `git blame -w`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari bila kuhesabu mabadiliko ya nafasi. Na wenye kazi ambayo haijaunganishwa na mradi watapata migongano, yaani mabadiliko yao na yako yatagongana kwenye mistari ileile. Niliwahi kumfanyia mwenzangu hivyo hapa Nairobi, akakesha akiirekebisha. Bado inaniuma.

Safisha mistari unayoigusa tu. Kabla ya `git add`, amri ya kuandaa mabadiliko ya kuhifadhiwa, endesha `git diff --check`, itakuonyesha ulipoacha nafasi.

Wakikubali usafi wa jumla, uwe badiliko la peke yake, na namba yake iingie katika faili inayotajwa na `blame.ignoreRevsFile`, mpangilio uliokuja na Git 2.23 mwaka 2019, ili `git blame` iliruke badiliko hilo. Faili za Markdown, maandishi yenye alama rahisi za mpangilio, ziache: huko nafasi mbili mwishoni hukata mstari kwa makusudi.

Jumamosi nipo Ngara, njoo na laptopu yako tujaribu amri hizi pamoja.