Maswali ya Bustani: Minyoo Hawa Si Wale

Toleo lililopita nilieleza kwamba nyuma ya jiko langu hapa Usa River kuna sanduku la nyungunyungu, na kwamba kinyesi chao nakitumia kwenye mchicha, figili na nyanya. Nilidhani nimegusia jambo dogo tu. Barua zimekuja nyingi kuliko wakati ule nilipoandika kuhusu kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya. Nimechukua sita. Wengine mnivumilie, macho ya miaka 67 yana ratiba yake.

*Shikamoo bibi. Nilianza kufuga minyoo kwenye ndoo jikoni. Mama mkwe alipokuja kututembelea akaiona, akasema niitoe siku hiyohiyo, la sivyo wanangu watajaa minyoo tumboni. Nimeitoa nje, sasa iko uani juani. Je, anasema kweli? – Mama wa watoto watatu, Ukonga, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe hiyo ndoo juani. Plastiki kwenye jua la Ukonga ni sufuria. Iweke mahali ambapo wewe mwenyewe ungeweza kulala usingizi wa mchana.

Mkweo si mjinga. Kiswahili chetu cha kila siku kimewapa jina moja viumbe wawili wasiojuana. Mnyoo wa tumboni anaishi ndani ya mtu. Mayai yake hutoka na choo, yakaingia kwenye udongo, yakarudi mdomoni kwa mikono na mboga ambazo hazikuoshwa. Nyungunyungu anakula majani yaliyooza, na tumboni mwa mtu hana cha kufanya ila kufa. Ndiyo maana hapa nyumbani nimepiga marufuku neno "minyoo" kwa habari za sanduku langu.

Lakini kuna mahali mkweo kagusa ukweli. Sanduku la nyungunyungu halipati joto, kwa hiyo usitegemee liue mayai ya minyoo ya tumbo. Ukiweka humo kinyesi cha mtu, cha mbwa au cha paka, umeyatunzia mayai kivuli na unyevu. Usiweke kamwe. Watoto wakishika udongo, uwe wa ndoo au wa uwanjani, waoshe mikono kwa sabuni, na mboga zioshwe kama kawaida. Akija tena, mpikie mchicha uliokulia mbolea hiyo, kwa nazi. Akishamaliza sahani ndipo umwambie.

*Habari za huko mama. Nilinunua kilo moja ya minyoo wekundu, nikawaweka kwenye sanduku la mbao lililojaa mbolea ya kuku kutoka bandani. Kesho yake asubuhi walikuwa wamepanda kuta, wengine wamekauka kwenye sakafu ya stoo. Siku ya tatu waliobaki walikuwa wameoza. Aliyeniuzia hashiki simu tena. Nilikosea wapi? – Kijana wa Kitale, Kenya*

Pole mwanangu. Huyo muuzaji hakukuibia. Nyungunyungu walikuwa wazima, ndiyo maana walikimbia. Mgonjwa hapandi ukuta. Mbolea mbichi ya kuku inatoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi. Hewa inayokuchoma wewe macho tu, yeye imemfunika mwili mzima. Tena mbolea hiyo ikilundikwa inapanda joto. Wao wanapenda kama nyuzi 15 hadi 25. Zikifika 35 umewazika.

Mimi wangu wa kwanza niliwaua kwa ukarimu. Ilikuwa baada ya kipaimara cha mjukuu wangu. Jikoni zilibaki ndoo mbili za maganda ya viazi, ndizi na nanasi, pamoja na ukoko wa pilau, nikasema leo na hawa nao wale sikukuu. Nikamwaga zote. Keshokutwa nilipotumbukiza mkono niliutoa haraka: ndani palikuwa na uvuguvugu wa uji unaopoa, na harufu ya mbege iliyolala siku tatu. Walio hai niliwakuta kwenye pembe moja tu ya sanduku, wamejiviringisha kama fundo la uzi. Hawakujaa kikombe cha chai. Mzee wangu akachungulia juu ya bega langu akasema, "Mifugo yako imeiva." Sijamsamehe. Lakini kikombe hicho ndicho kilichozaa sanduku nililo nalo leo, kwa hiyo kagua pembe za sanduku lako kabla hujanunua wengine.

Ukianza tena, kilo moja inataka sanduku la kama sentimita 60 kwa 40, kina kisichozidi 30, lenye matundu chini na ubavuni. Tandika kitanda kwanza, chakula baadaye: maboksi ya kahawia yaliyochanwa, majani makavu ya mgomba, na viganja viwili vya udongo wa kawaida wa kuwasaidia kusaga chakula, maana meno hawana. Lowesha, kisha kamata ngumi moja ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko, ongeza makavu. Acha siku tatu ndipo uwatie, na usiku wa kwanza taa iwake juu yao. Hawapendi mwanga, kwa hiyo watazama chini na kuzoea. Miguu ya meza inayobeba sanduku isimame kwenye makopo yenye maji na oili chafu kidogo. Siafu wakilipata sanduku usiku, asubuhi hutakuta wa kumlisha.

Wiki ya kwanza wape kiganja kimoja cha maganda ya ndizi, majani ya chai au sukuma wiki iliyonyauka, na ukifukie. Kikiisha ndipo uongeze. Kilo ya nyungunyungu waliozoea inaweza kufikia nusu kilo ya chakula kwa siku. Wauzaji wengine husema kilo nzima, nawaachia wenyewe. Nyama, dagaa, mafuta na ugali vinaita panya. Malimau na machungwa kidogo sana. Majivu nyunyiza kama chumvi, si kama unga. Ukipata samadi ya ng'ombe au mbuzi, muulize mwenyewe ni lini amewapa dawa ya minyoo. Dawa hiyo haijui ile tofauti niliyomweleza mama wa Ukonga.

Na ile mbolea ya kuku? Hiyo ni mali, ila ni mali ya lundo. Hapa nikiri kosa langu: toleo lililopita nilimsifia nyungunyungu mno, mkasahau lundo, na barua zenu karibu zote hazilitaji. Kinacholisha bustani yangu kwa wingi ni lundo la mboji lililoko nyuma ya banda. Lundo ndilo ugali, nyungunyungu ni mboga. Ukikosa ugali hutashiba hata mboga ikiwa tamu vipi.

Lundo lisipungue mita moja kila upande, na mita moja kwenda juu, la sivyo halishiki joto. Chini weka vijiti na mabua ya mahindi ili hewa ipite, kisha tabaka la vikavu kama majani makavu, tabaka la vibichi kama maganda ya jikoni, mbolea ya kuku na maranda yake, udongo kidogo, maji. Rudia hivyo mpaka juu. Kwa kukadiria kwa macho, vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi. Chomeka fimbo ndefu kwa mshazari mpaka katikati. Siku ya nne ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uihamishie mkono wa pili, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, linataka maji. Ikiwa baridi na inanuka, pindua, ongeza vikavu. Baada ya wiki tatu pindua hata kama hakuna tatizo. Likishapoa, chota ile iliyoiva nusu uwapelekee nyungunyungu. Chakula hicho hawatakikimbia. Iliyobaki iache imalizike, miezi mitatu hivi, ukapandie.

*Habari za kazi dada. Nina ekari 2 za mahindi. Bei ya mbolea ya dukani inaniumiza. Nikifuga hao nyungunyungu nitaachana na urea? – Mkulima mstaafu, Mufindi*

Salama kaka yangu. Hapana. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mbolea ya nyungunyungu kwa kawaida ina kama asilimia 1 hadi 2. Tuchukue moja na nusu: kuzipata zile kilo 23 unahitaji zaidi ya kilo 1,500. Sanduku langu linanipa ndoo moja ya lita 20 kila miezi mitatu, kama kilo 12. Kuufikia mfuko wako mmoja litachukua miaka zaidi ya 30, na umri wetu unaujua. Tena naitrojeni yake haitoki yote msimu mmoja. Inatoka kidogo kidogo.

Ambacho mboji na samadi vitakusaidia ni kushika maji, na kushika hiyo urea unayoinunua isisombwe na mvua ya kwanza. Usichome mabua, yarudishe shambani. Changanya na maharage. Tia kiganja cha mboji au samadi iliyoiva kwenye kila shimo, ila ujue ukubwa wa kazi: ukipanda sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, ekari ina mashimo kama 18,000, na gramu 100 kila shimo ni tani 1.8. Anza na robo ekari, ile iliyo karibu na zizi. Urea utaipunguza kadiri udongo unavyopona, na pima udongo kabla ya kupunguza.

*Bibi, nyanya zangu zinaoza kitako, doa jeusi lililobonyea. Nimewatwangia nyungunyungu maganda ya mayai mengi ili mbolea iwe na kalisi. Mbona haziponi? – Dodoma*

Kwa sababu kalisi ya ganda la yai inachukua muda mrefu kuyeyuka, na mara nyingi udongo wala haukosi kalisi. Inakosa maji ya kuipandisha mpaka kwenye tunda. Siku tatu hakuna tone, ya nne ndoo mbili, ndivyo wengi tunavyomwagilia. Mwagilia kwa kipimo kimoja siku zote, na tandaza nyasi kavu nene kwenye shina. Zilizooza zitoe, hazitarudi. Maganda ya mayai endelea kuyatwanga, nyungunyungu wanayapenda.

*Shikamoo bibi. Ndoo yangu ya nyungunyungu iko roshani. Chini yadondoka maji meusi, nayanyunyizia pilipili na rehani. Majani yameanza kuungua pembeni. Si ndiyo mbolea ya maji hiyo? – Kizingo, Mombasa*

Marahaba. Siyo. Hilo ni jasho la chakula kinachooza, na likiwa jingi maana yake ndoo imelowa mno: ongeza maboksi makavu, punguza matikiti. Usilimwage, lakini kikombe kimoja ukizimue kwa vikombe kumi vya maji, ukamwagie kwenye udongo tu. Usilipitishe kwenye majani, hasa ya kuliwa mabichi. Ukitaka mbolea ya maji yenyewe, chukua kilo moja ya mbolea iliyokamilika, loweka kwenye lita 10 za maji, koroga mara kwa mara kutwa nzima, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo. Ikianza kunuka, ipeleke kwenye lundo.

*Bibi, sanduku langu limejaa mbolea nyeusi nzuri kama kahawa, lakini nyungunyungu wote wamo ndani. Nawatenganishaje bila kuwashika mmoja mmoja? – Tanga*

Hongera, wewe ndiye pekee mwezi huu mwenye tatizo la kushiba. Tandaza turubai kivulini lakini penye mwanga wa kutosha, mwaga sanduku zima, kisha gawa mafungu madogo kama ya nyanya sokoni. Nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 10 watakuwa wamekimbilia chini. Kwangua juu na pembeni taratibu mpaka uone mkia wa kwanza, acha, nenda fungu la pili. Ukizunguka mara tatu nne, kila fungu limebaki fundo moja la nyungunyungu wanaong'ang'aniana. Hao warudishe kwenye kitanda kipya. Mbolea uliyokwangua, kiganja kimoja kinatosha kwenye shimo la mche. Kwenye viroba, sehemu moja kwa sehemu nne za udongo. Kuzidisha ni kuitupa.

Kabla hujaitumia, ipitishe kwenye chekeche na uangalie mayai. Ni vijifuko vidogo kama punje ya mtama, vimechongoka kama ndimu, rangi ya asali. Kimoja huweza kutoa watoto kadhaa, na wiki tatu hivi zinatosha kuanguliwa. Mjukuu wangu, yuleyule wa kipaimara, huyaokota kwa ncha ya kijiko na kuyarudisha sandukuni. Mara ya mwisho alihesabu 41, akadai shilingi 10 kwa kila moja. Nikampa sarafu ya mia tano. Chenji sijaiona mpaka leo.