Diski tatu zimetupwa kwenye sloti moja, tatizo ni diski kweli?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi napiga picha za harusi hapa Mwanza, kazi zote naweka kwenye NAS (kisanduku cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) ya diski 4, kila moja TB 4, imepangwa RAID 5, yaani diski zinashirikiana ili moja ikifa data ibaki. Wiki iliyopita ikaanza kulia, taa ya sloti ya 3 ikawa nyekundu. Nikanunua diski mpya nikaweka, ikaanza kujijenga upya, ilipofika kama asilimia 40 ikaitupa nje. Dukani wakanibadilishia, nayo ikatupwa vilevile. Sasa muuzaji anasema ninunue ya bei kubwa zaidi. Au niizime niiwashe? – Mpiga picha, Mwanza

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole sana. Usinunue kitu na usiizime kwanza. Wageni watatu wakiugua chumba kimoja mimi naanza kukagua chumba, siyo wageni.

Ila kabla ya kukagua chochote nakili picha. RAID 5 inavumilia kufa diski moja tu na hiyo nafasi ushaitumia, saivi picha zinafunguka kwa sababu zile tatu zilizobaki zinakokotoa kilichokosekana, ikitoka nyingine moja TB 12 zote zimekwenda. Alafu kujijenga upya ndo kazi nzito kabisa maana zile tatu zinasomwa zote toka mwanzo, na wewe ushazikimbiza mara mbili! Tafuta haddiski ya nje uanze na harusi ambazo wenyewe hawajachukua picha zao. Ndo maana kila siku nasema RAID siyo bekapu, watu wananiona msumbufu.

Ukimaliza hapo sasa zima, chukua ile diski ya zamani uliyoitoa na hii ya mwisho iliyotupwa, zichomeke moja moja kwenye kompyuta ya mezani. Windows ikikuuliza kama ui-format kataa. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, usome SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Namba 5 ni sekta zilizokufa zikahamishwa, 197 ni zile zinazosubiri hukumu, hizo zikiwa zimepanda basi diski yenyewe ndo mbovu. Lakini ukikuta hizo ni sifuri na 199 imepanda, hapo data inaharibikia njiani, yaani kebo au kile kibao cha nyuma diski zinapochomekwa. (Ile programu inaonyesha thamani kwa heksa, yaani hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, ukiona 10 maana yake 16, usije ukapiga hesabu vibaya.) Na 199 hairudi nyuma hata ukishatengeneza, kwahiyo iandike leo, uifanyishe kazi diski kisha uangalie kama imeongezeka.

Kitu cha pili ni adapta ya umeme, na hapa ndo wengi tunapotea. Diski kubwa inakula umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, na zote nne zikifanya kazi pamoja adapta iliyochoka inashuka volti, diski moja inazimika sekunde tu NAS inaiandika marehemu. Mimi nilishahangaika siku mbili na kisanduku cha mteja, nikabadili kebo, nikabadili diski, nikapuliza vumbi, kumbe adapta ya volti 12 ikibebeshwa mzigo inashuka mpaka 11 na kidogo. Ukiipima bila mzigo inakudanganya, inaonyesha 12 safi.

Kuhusu bei ya muuzaji wako, swali siyo bei, swali ni CMR au SMR, yaani namna diski inavyoandika data. Kwenye CMR njia za kuandikia hazipandani, kwenye SMR zimepandana kama mabati ya paa, ukiandika mfululizo kwa masaa inalemewa, NAS inachoka kusubiri inaitupa nje, wakati diski yenyewe haina ubovu. Mwaka 2020 kampuni ya diski ya WD walikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6 ni SMR, na hizo zilikuwa zinauzwa kama za NAS! Kama ile mpya ya kwanza na ya pili zilikuwa modeli moja hili ndo nalishuku sana kuwa tatizo, soma lebo uitafute modeli kwenye orodha ya kampuni yenyewe.

Badili kitu kimoja kimoja, ukibadili adapta na kebo siku moja hutajua kilichokuwa kinakusumbua. Nitumie hizo namba 5, 197 na 199 za diski zote mbili, pamoja na modeli, tuendelee toka hapo.