Pikipiki cc 150 inachoka mlima wa Riat: ongeza meno nyuma, usipunguze mbele

Ndugu, umesema unabeba kreti za soda kutoka Kondele, Kisumu, hadi Kiboswa, gia ya tatu inakufa mlimani Riat na ya pili inapiga kelele bila mwendo. Fundi amekwambia utoe sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele ya meno 14 uweke ya 13, kwa sababu ni bei rahisi na ni kazi ya dakika chache. Hesabu yake ni sawa. Njia aliyoichagua ndiyo nisiyoikubali.

Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. Kwako, 42 kwa 14 ni 3.00. Ukiweka 13 mbele unapata 3.23. Ukiacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma unapata 3.21, yaani nguvu ya kupanda ni karibu ile ile. Jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Lakini sproketi ndogo ya mbele inaikunja kila pingili ya cheni kwa pembe kali zaidi, na kwa kuwa kipenyo chake ni kidogo, injini ikisukuma vile vile inaivuta cheni kwa nguvu ya ziada ya asilimia 8 hivi. Tena cheni inashuka karibu na mkono wa gurudumu la nyuma na kuanza kula ile raba ya kuulinda. Ukiongeza meno nyuma, mvuto wa cheni haubadiliki. Kwa mtu wa mizigo kila siku, hiyo ndiyo tofauti ya cheni kudumu au kurudi dukani mapema.

Jua pia unachopoteza. Injini ikizunguka vile vile, mahali ulipokuwa unakwenda 80 sasa utakwenda 75. Barabara tambarare injini itanguruma zaidi na mafuta yataongezeka kidogo. Anayezunguka tambarare za Ahero na Kano tu asiguse kitu. Wa Nakuru mko juu, mita 1,850 hivi, Kisumu ni 1,130. Injini ya kabureta huko imeshapoteza nguvu kabla ya abiria kupanda, kwa hiyo 45 kwenu inaeleweka hata bila kreti.

Kabla ya kununua chochote, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Breki ikishika, au klachi ikiteleza, au chujio la hewa likijaa vumbi, sproketi haitakusaidia.

Hesabu meno mwenyewe, usiamini jina la pikipiki. Mara nyingi utaona 428-42T imepigwa ubavuni: 428 ni saizi ya cheni, 42 ni meno. Sproketi ya nyuma unayonunua lazima ilingane na yako kwa matundu ya bolti na tundu la katikati, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Nunua na cheni na ya mbele pia, ya meno 14 yale yale. Cheni iliyovutika ikipanda meno mapya inayasaga haraka. Kuipima: nyoosha pingili 20, kutoka kati ya pini ya kwanza hadi kati ya ya 21. Cheni mpya ya 428 ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kila jino unaloongeza nyuma linavuta ekseli mbele milimita 3.2, kwa hiyo meno matatu ni karibu 9.5. Cheni mpya ya urefu wa kiwandani huenda isifike. Chukua ndefu ukate mwenyewe, na pingili huongezwa mbili mbili. Ukiongeza mbili, ekseli inarudi nyuma milimita 12.7, ukitoa ile 9.5 unabaki na 3.2 nyuma ya ulipokuwa. Hapo ni pazuri, nafasi ya kukaza baadaye ipo.

Sproketi ya mbele kwa pikipiki nyingi za aina hii inashikwa na kibamba chenye bolti mbili za spana namba 10. Ni za milimita 6, ukizivuta kwa mpini mrefu zinakatika ndani. Safisha tope lote hapo kwanza, na ukiona oili imelowa nyuma ya sproketi, badilisha sili wakati imefunguka. Ya nyuma, kaza nati kwa msalaba, kisha kunja masikio ya washa juu ya kila nati. Washa iliyokunjwa mara mbili tatu huvunjika, weka mpya. Chungulia pia raba za ndani ya hab. Zikilegea, sproketi inacheza na utadhani ni cheni.

Klipu ya cheni: ukiitazama cheni ya juu, upande uliofungika utazame injini. Ikigeuzwa inaweza kung'oka njiani.

Ulegevu uwe milimita 25 hadi 30 katikati ya cheni ya chini, labda kitabu cha pikipiki yako kiseme vingine. Zungusha gurudumu upime mahali inapokaza zaidi. Pakia kreti upime tena, kwa sababu pikipiki ikididimia kwa mzigo cheni hukaza, na iliyokazwa kupita kiasi inaua beringi ya shafti ya giaboksi. Linganisha alama za ekseli pande zote mbili. Ekseli ikisogea, fimbo ya breki ya nyuma nayo irekebishwe, kabla hujatoka uani. Kama una kava kamili la cheni, zungusha gurudumu polepole usikilize kama 45 inaligusa.

Spidomita yako, kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, haitadanganya. Ikichukua mwendo kwenye giaboksi, itaonyesha zaidi ya unavyokwenda. Kaza cheni tena baada ya kilomita 200 za kwanza, ndipo inapolegea zaidi.