Mkaratusi uliopoteza rangi yake ya fedha

SWALI: Ninaishi Leeds, Uingereza. Mkaratusi wangu wa bustani ulikuwa na majani ya mviringo yenye rangi ya fedha, lakini baada ya miaka mitano umelipita paa na majani yamekuwa marefu, ya kijani. Nifanyeje?

JIBU: Bila shaka ni Eucalyptus gunnii, mti wa asili ya Tasmania unaostahimili baridi, ambao majani hayo ya mviringo ni ya utotoni tu. Mwezi Machi, baridi kali inapopungua, ukate ubakize kisiki cha sentimita 30 hivi. Machipukizi yatakayotoka yatakurudishia rangi uipendayo, mradi uyakate tena kila mwaka. Usithubutu kuukata Oktoba, kwani machipukizi machanga huunguzwa na jalidi.