Likwaruze Jiwe Kabla ya Kulitaja

Mtihani wangu wa kwanza wa vitendo katika jiolojia ulikuwa na sampuli 20 za mawe mezani, kila moja na namba yake. Namba 7 ilikuwa kipande cha zambarau kinachopitisha mwanga, kizuri hasa. Nikaandika "amethisti" bila hata kukishika, nikasogea namba 8. Siku ya kurudishiwa karatasi, mwalimu hakunieleza kitu. Alichukua msumari wa chuma, akaukandamiza juu ya kile kipande na kuuvuta. Ukaacha mfereji. Amethisti ni kwatzi, na kwatzi haikwaruzwi na msumari. Ile ilikuwa floraiti.

Wewe unayeanza jiolojia utafanya kosa hilohilo, maana karibu sote tumelifanya: macho yanakimbilia rangi. Kwatzi peke yake huja nyeupe, waridi, zambarau, manjano, ya moshimoshi, na isiyo na rangi kabisa. Chembe kidogo tu za chuma zikiingia ndani ya fuwele, rangi inageuka na madini ni yaleyale. Yapo machache ambayo rangi yake haidanganyi, kama manjano ya salfa au kijani cha malakiti. Mengine yote, iache rangi ije mwisho kama shahidi wa ziada.

Kinachoaminika zaidi ni rangi ya unga. Sugua sampuli kwenye kigae cha kauri kisichong'arishwa, uangalie mchirizi unaobaki. Hematiti inaweza kung'aa kama fedha, kuwa nyeusi au nyekundu ya udongo, lakini mchirizi wake ni wa kahawia-nyekundu siku zote. Pairiti, ile inayowadanganya watu kwamba wameokota dhahabu, huacha mchirizi mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha wa manjano. Ila kigae chenyewe kina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 10. Madini yaliyo magumu kuliko hapo hayaachi mchirizi, yanakikwaruza kigae. Ule unga mweupe unaouona ni wa kigae, na wanafunzi wengi wameuandika kama jibu.

Kipimo cha ugumu tunachotumia kilipangwa na Friedrich Mohs mwaka 1812: talki 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldspa 6, kwatzi 7, topazi 8, korundi 9, almasi 10. Ni mpangilio wa nani anamkwaruza nani, basi. Kutoka 9 hadi 10 si hatua sawa na kutoka 3 hadi 4. Almasi inaiacha korundi mbali sana. Mazoezini utahitaji mipaka miwili tu: ukucha, karibu 2.5, na kioo, karibu 5.5. Kioo kilaze mezani, usikishike mkononi, maana kikivunjika kiganja ndicho kitakachojua. Ukishavuta, lowesha kidole ufute. Mstari ukifutika, ulikuwa unga wa jiwe lako lililoshindwa; ukibaki na kucha ikiuhisi, kioo ndicho kilichoshindwa. Hapa ndipo kwatzi na kalsaiti, ambazo mezani zinafanana kama mapacha, zinapoachana kwa sekunde tatu.

Sasa mpasuko, yaani tabia ya madini kuvunjika kwa nyuso bapa za mwelekeo uleule, ambao ndio uliniumiza kichwa kuliko vyote. Tatizo langu lilikuwa kuchanganya sura ambayo fuwele imekua nayo na namna inavyovunjika. Fuwele ya kwatzi ina pande sita zilizonyooka, nikadhani hiyo ni mipasuko. Ivunje: inavunjika kama kitako cha chupa, kwa mikunjo iliyopinda kama ganda la kombe. Kwatzi haina mpasuko wa kuutegemea. Ukitaka kuujua mpasuko wa kweli, kaa chini ya taa, shika sampuli karibu na uso wako, uizungushe polepole. Ikifika pembe fulani, uso mzima unamulika mara moja, na vile vingazi vidogo vya pembeni vilivyo juu na chini ya uso huo vinamulika pamoja nao. Vingazi hivyo ndivyo vinavyokuambia kwamba jiwe limepasuka hapo, na litapasuka tena hapo. Uso wa kukua haufanyi hivyo.

Ukishauona, hesabu pande na pima pembe. Ulanga una mpasuko mmoja, ndiyo maana unabanduka karatasi kwa karatasi. Feldspa ina miwili inayokutana kwa karibu nyuzi 90. Chumvi ya mawe ina mitatu ya nyuzi 90, hivyo huvunjika vijisanduku. Kalsaiti nayo ina mitatu, lakini vijisanduku vyake vimelala upande kama kasha la kiberiti lililosukumwa. Na yale mawili meusi yanayosumbua kila darasa: pairoksini hukutanisha mipasuko yake kwa karibu nyuzi 90, amfiboli kwa takriban 56 na 124. Bila lenzi ya mkono hutaiona tofauti hiyo. Na lenzi huwekwa jichoni, kisha jiwe ndilo linaloletwa. Ukiishika mbali kama mpelelezi wa sinema huoni kitu.

Asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ni tamu kuitumia, na kwa sababu hiyo inapotosha. Tone moja juu ya kalsaiti linachemka papo hapo. Dolomaiti hunyamaza hadi uikwaruze upate unga kwanza. Niliwahi kuita jiwe la mchanga chokaa kwa vile tu lilichemka. Kilichochemka kilikuwa kalsaiti iliyogandisha zile chembe za mchanga, chembe zenyewe zilikuwa kwatzi tupu. Vaa miwani ya kinga, na suuza sampuli kabla ya kuirudisha, maana mwenzako anakuja kuishika. Wapo pia wanaopima chumvi ya mawe kwa kuilamba. Mimi siipendi tabia hiyo: kwenye sinia hilohilo kuna galena, nayo ni madini ya risasi, ile metali yenye sumu.

Ukija kwenye miamba, badilisha swali. Mwamba ni mkusanyiko, kwa hiyo kabla ya kuuliza umeundwa na nini, uliza chembe zake zimeshikanaje. Zikiwa zimeingiliana kila upande bila nafasi, kama kwenye graniti, fikiria mwamba moto, yaani ulioganda kutoka mawe yaliyoyeyuka, au mwamba geu, yaani uliobadilishwa na joto au mgandamizo, chembe zake zikakua upya. Zikiwa zimekaa kila moja peke yake na kitu kama gundi katikati, huo ni mwamba wa mashapo, yaani wa chembe zilizotulia na kugandishwa pamoja. Zikiwa zimejipanga mkao mmoja, ulanga wote umelala upande uleule, ni geu. Jiwe la mchanga huvunjika kwa kuzunguka chembe. Kwatzaiti, ambayo ni jiwe la mchanga lililogeuka kuwa geu, huvunjika kwa kuzikata. Angalia daima uso mpya uliovunjwa, siyo ile ngozi ya nje iliyoliwa na mvua na hewa.

Kwa miamba moto, ukubwa wa chembe unaeleza mwendo wa kupoa: polepole chembe kubwa, haraka chembe ndogo. Gabro na basalti zina utunzi uleule wa kikemikali, ila gabro ilipoa taratibu chini ya ardhi na basalti haraka juu yake. Na rangi inarudi kukutega hapa pia: obsidiani ni nyeusi tititi, ukaiweka na basalti, kumbe kwa kawaida utunzi wake uko karibu na wa graniti.

Familia tatu hizo hazina ukuta katikati. Tufu ni majivu ya volkano yaliyoanguka na kulala tabaka kwa tabaka. Tumebishana mchana mzima liwekwe sinia gani.

Baadaye, nikisaidia maabara, mwanafunzi mmoja aliniletea kipande alichokiokota, wenzake wakishangilia kwamba ni kimondo. Cheusi, kizito kidogo, kimejaa matundu ya mapovu. Niliomba daftari lake. Alikuwa ameandika: "Cheusi, kingo kama kioo, mapovu mengi, sumaku hainati, kinakwaruza kioo." Mahali pa jina ameacha wazi. Kilikuwa taka ya tanuri la kuyeyushia chuma, na kila kitu nilichohitaji ili kulijua hilo kilikuwa kwenye mstari wake mmoja.